Ncha ya Pili ya Bango

Bweni la Korotoa, 6 Machi

Mjomba Mostafiz, salaam alaykum.

Nakuandikia kwenye kompyuta ya idara kwa sababu simu zetu hazina siri tena. Dada wakubwa wa Chama kinachotawala wanatuita chumba cha wageni baada ya chakula, tunajipanga ukutani, na simu zinapekuliwa moja baada ya nyingine. Barua pepe hawazifungui, wanadhani ni kitu cha kuombea kazi. Basi usinitumie tena ujumbe kwenye simu, hata wa kunipa heri ya kuzaliwa.

Juzi, bweni la wavulana, walimpiga Kamrul wa mwaka wa kwanza. Kosa lake ni kusambaza lile andiko lako la "Ukimya ni kura". Walimlaza kifudifudi juu ya meza ya kuchezea keram, wakampiga nyayoni kwa vijiti vya kriketi, vile virefu vinavyochomekwa nyuma ya mpigaji. Kila akipigwa alitakiwa asome sentensi yako moja kwa sauti. Alipozimia wakammwagia maji ya kuoshea mchele, wakaendelea pale alipoishia. Nyayo zilipasuka. Mpaka leo hawezi kusimama, wenzake wanambeba mgongoni kwenda chooni.

Sikuambii haya ili ulie. Nataka ujue maneno yako yanapimwa vipi huku. Wavulana wanayajua kwa moyo kuliko masomo yao. Yuko Fardin, mtoto wa wakili, kiongozi wa wapinzani wa Chama hapa chuoni. Ukisema kwenye video zako huwa unasita katikati ya sentensi, na yeye siku hizi anasita pale pale. Hata miwani kama yako amenunua, na macho yake mazima.

Sisi wa mabweni tunaendelea kuandamana na Chama kila Alhamisi. Utaratibu unaujua: asiyeandamana hana pa kulala. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mimi hupewa bango kwa sababu ya kimo changu, na ncha ya pili hushikwa na mrefu mwenzangu, Sohag wa Takwimu, mtoto wa wafyatua matofali kutoka visiwa vya mto kule Kurigram. Yeye huimba wimbo wa Chama kwa maneno yake ya matusi, kwa sauti ya chini, na anayesikia ni mimi peke yangu. Siku moja nusura niangushe bango kwa kicheko.

Ombi langu ni moja. Andika, lakini watu wa huku usiwataje.

Mpwa wako,
Afroza

*

Uppsala, 9 Machi

Afroza, mboni ya jicho langu,

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, na chai ikamwagika yote. Kisa cha Kamrul nimeshakiandika ukurasani kwangu. Usihofu, jina lake sikulitaja wala lako. Nimeeleza tu meza ya keram, vijiti na nyayo, na mpaka asubuhi watu wa dunia nzima walikuwa wanakisambaza. Ulimwengu sasa unajua.

Lakini mwanangu, habari za kitanda usinipe. Nami nilisoma hapo. Nilipokataa kuandamana nao nililala barazani msikitini msimu mzima wa mvua, na waliponipata walinivunja vidole viwili vya mkono wa kushoto kwenye bawaba ya mlango. Mpaka leo havikunji, barua hii naichapa kwa vinane. Kwa hiyo nina haki ya kusema niliyoyasema jana, na vijana wakayapokea kwa shangwe: Aliyeandamana nao ni mmoja wao. Dhalimu hana miguu, Afroza. Anatembelea ya wale wanaotafuta kitanda.

Kula vizuri. Mama yako anasema umekonda.

Mjomba wako,
Mostafiz

*

Bweni la Korotoa, 28 Mei

Mjomba, salaam alaykum.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia, na mama alinifundisha kutomwandikia mkubwa nikiwa na hasira.

Uliandika "meza ya keram". Meza ya keram iko bweni moja tu, na aliyepigwa juu yake ni mmoja. Wiki ile ile walimrudia Kamrul. Safari hii walimuuliza nani kapeleka habari Ulaya. Hakujua, masikini, angesemaje? Walimvunja mkono kwenye kiwiko. Baba yake alikuja na mkokoteni wa baiskeli, akamlaza juu ya magunia, wakaondoka bila kumsalimia mtu. Usiku uliotangulia Sohag alikuwa amempa kitanda chake mwenyewe, akakaa mlangoni na tofali mkononi. Na Alhamisi iliyofuata akashika bango kama kawaida. Sasa huyo mtu utamweka fungu gani?

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huko unauona mwepesi.

Sentensi yako ya "Aliyeandamana nao" Fardin ameichapisha kwenye stika. Nimeikuta hata chooni.

Nina jambo langu la heri pia, ila hilo nitakuambia uso kwa uso. Mama usimdokeze, maana unajua baba ameshanichagulia mtu wake.

Afroza

*

Bweni la Korotoa, 12 Agosti

Mjomba,

Mtandao umerudi. Niko hai, mama yuko hai. Serikali imeanguka, hilo umeliona kabla yangu. Ambayo hukuyaona nitakuambia.

Polisi walitufyatulia risasi pale reli inapokatiza barabara. Tulikuwa tumekaa chini kuipinga serikali, hata sisi wa mabweni, wasichana mbele, kwa kudhani wataona haya. Binti aliyekaa kulia kwangu alipigwa tayani, akawa anajaribu kulishikilia kwa mkono na kuniuliza kitu, na maneno hayatoki, inatoka damu tu na kijino. Jina lake sikulijua. Polisi walipita juu ya waliolala, wakiwakandamiza na mabuti ili kujua nani anapumua. Sohag alikwapua mkokoteni wa muuza tikiti, akawapakia watu kwa kuwarundika, akawakokota mpaka hospitali, akarudi, akawakokota tena. Bega lake lina risasi ndogo ndogo ambazo hakuna aliyepata muda wa kuzitoa. Ukimkumbatia unazihisi.

Vijana wa Chama wamekimbia. Mmoja hakuwahi. Walimtundika kwenye nguzo ya taa, kichwa chini, na watu wakawa wanapiga naye picha.

Chumba cha wageni cha bweni la wavulana sasa ni cha kundi la Fardin. Vile vijiti vya kriketi wamevikuta huko huko, na wanasema wanavihifadhi kama ushahidi. Ukutani wameandika sentensi yako kwa rangi nyekundu, herufi za urefu wa mtu. Na juzi dada mmoja wa kundi lao aliniomba simu yangu, kwa adabu kabisa, aipekue kidogo.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Afroza

*

Uppsala, 15 Agosti

Mwanangu,

Nimelia siku tatu. Nimecheza peke yangu sebuleni, mzee mzima na soksi. Miaka yote hii nimeandika nikidhani natupa kokoto kisimani, kumbe kulikuwa na watu chini wanaziokota!

Haya ya kupekua simu ni vumbi la nyumba iliyoanguka, litatua. Kazi yetu sasa ni kumbukumbu. Fardin, kijana makini sana yule, amenitumia picha za maandamano ya Chama, na kila siku nitaweka moja, na nyuso nitazizungushia duara jekundu. Simwambii mtu amguse mtu. Nataka waonekane tu. Waliozoea kutujua majina, nao wajulikane sura.

Nakubusu kipaji cha uso,
Mostafiz

*

Bweni la Korotoa, 2 Septemba

Mjomba,

Picha uliyoweka leo iondoe. Nimekupigia, anapokea kijana anayesema yeye ni msaidizi wako na kwamba uko kwenye mahojiano. Nimemwachia ujumbe, akaniuliza mimi ni mfuasi wa wapi.

Yule uliyemzungushia duara, mrefu aliyeshika bango, ndiye Sohag. Ndiye yule wa mkokoteni, wa tofali mlangoni. Nilikuandikia habari zake mara tatu. Wenzake wa darasa wameshaanza kuhama meza akikaa. Leo ameambiwa asirudi chumbani mwake, na mtihani ni keshokutwa.

Iondoe, Mjomba. Halafu andika mstari mmoja tu: kwamba wa mabweni waliandamana kwa ajili ya kitanda. Wewe ukisema watasikia. Mimi nikisema ni msichana tu.

Tafadhali.

Afroza

*

Uppsala, 2 Septemba

Afroza,

Nimekusoma kwa upendo, nami nitakujibu kwa upendo.

Unajua nimeombwa na wangapi wiki hii? Kila duara lina shangazi yake. Kila mmoja alimbeba mgonjwa, alimlisha yatima, alikuwa anatafuta kitanda tu. Nikimwondoa wako, na wa yule mama wa Dinajpur nimwondoe? Nchi hii iliuawa na kujuana, mwanangu, na wewe unaniomba nifungue ukurasa mpya kwa kujuana. Kama hana hatia, asimame aseme. Picha yenyewe naiona hapa: kashika bango kwa mikono miwili, meno yote nje. Kauli mbiu imekatwa nusu kama akili zao, lakini kicheko chake kiko kizima.

Nikuulize kama mjomba. Huyu kijana ni nani wako?

Mostafiz

*

Bweni la Korotoa, 3 Septemba

Mjomba,

Ni mwanafunzi mwenzangu tu.

Usingizi sina. Iondoe hata kwa siku mbili, afanye mtihani aondoke. Baadaye irudishe ukitaka.

Afroza

*

Uppsala, 7 Septemba

Afroza,

Mbona hujibu? Mama yako anasema hupokei simu yake pia.

Nimesikia juu ya kifo hapo chuoni. Inaniuma, kila kifo kinaniuma. Lakini maneno yameshaanza kwamba niliamuru mimi, na hilo ni tusi. Siku ile niliulizwa maswali mamia. Moja lilisema, tumempata yule wa bango, yuko mbele yetu, Mwalimu unasemaje? Nilikuwa kituo cha basi, mvua inanyesha. Nikajibu ninavyojibu siku zote: "Historia haiombi ruhusa." Hiyo ni tafakuri, wala si hukumu! Mtu aliyesoma angeelewa.

Naandaa makala ndefu juu ya ghasia na mapinduzi. Ningependa maoni yako kabla sijaiweka. Kwanza niambie tu kwamba uko salama.

Mjomba wako

*

Bweni la Korotoa, 20 Septemba

Mjomba,

Leo naandika kwa simu. Wakitaka kupekua na wapekue.

Alikwenda kufanya mtihani. Nilimkatalia, nikamshika shati. Akasema baba yake ameuza ng'ombe wawili kwa ajili ya karatasi ile, haiwezekani aogope watu aliowakokota kwa mkokoteni. Aliingia, akaandika mpaka mwisho, akakabidhi. Walimngoja mlangoni. Msimamizi aliwaona, akakusanya karatasi zake akapita mlango wa nyuma.

Walimpeleka chumba kile cha wageni cha wavulana. Mimi nilikimbia kule, wakanizuia nje na kufunga komeo, kwa hiyo niliyaona kwenye simu kama watu wengine wote, maana walikuwa wanarusha mubashara. Nimesimama mlangoni, naona kwenye kioo cha simu kinachotendeka upande wa pili wa ukuta. Walimlaza juu ya meza ile ile ya keram. Vijiti ni vile vile. Wewe ulisema ni ushahidi, au Fardin ndiye alisema, siku hizi siwatofautishi.

Mwanzoni walimpiga kwa kiasi, kama watu wanaoona haya. Sohag akawaambia, "Jamani, mimi si ndiye niliyempeleka Jubayer hospitali? Jubayer, si uko hapo? Waambie." Jubayer alikuwepo. Aliangalia chini. Ndipo Fardin akasema wasiharakishe, ngoja tumuulize Mwalimu, akakuandikia lile swali. Wakangoja. Walimpa na maji. Mjomba, kulikuwa na dakika pale ambazo walikuwa vijana tu waliochoka, wanaomngoja mkubwa awaambie rudini mkalale. Nami huku nje nikawa nakuomba kwa sauti, kana kwamba unanisikia: sema hapana, sema hapana.

Simu ikalia. Fardin akasoma jibu lako. Akasita katikati, kama unavyosita.

Baada ya hapo hawakuona haya tena. Walimvunja magoti kwanza. Risasi za begani, zile alizozipata kwa ajili yao, walizitafuta kwa ncha ya kijiti. Aliita mama. Halafu akaniita mimi, kwa jina la utani ambalo hujui, na mmoja akacheka akauliza huyo ni nani. Fuvu lilitoa sauti nikaisikia mara mbili, kwenye simu na mlangoni. Walipofungua, walinipisha kwa heshima. Mmoja aliniambia, "Samahani dada, usikanyage damu."

Hawawezi kunigusa, si unaona? Mimi ni mpwa wa Mwalimu.

Uliniuliza ni nani wangu. Ni mume wangu. Tulifungishwa ndoa kwa kadhi mwezi wa Mei, tukala pilau ya mgahawani kwa sahani moja. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungesema naombea mapenzi yangu. Nilitaka aokolewe kwa haki, wewe si mtu wa haki? Huo ndio ujinga wangu, na nitalala nao maisha yangu yote.

Kuna jambo lingine. Kauli mbiu ya bango haikukatwa nusu kwa bahati mbaya. Fardin aliikata picha kabla ya kukutumia. Bango lina ncha mbili, Mjomba. Nilikuandikia Machi nani anashika ya pili, na wewe ukanijibu habari za chai. Picha nzima ninayo. Niko pale, mikono miwili, meno yote nje, maana ndiyo siku aliyoimba lile tusi na mimi nikacheka. Kicheko chake ulichokiona ni cha kunichekea mimi. Wewe uliyekataa kufungua ukurasa kwa kujuana, ukurasa wako ulishafunguliwa hivyo tangu mwanzo: mimi nilikatwa kwa kuwa ni mpwa wako.

Kesho asubuhi nitaiweka ukurasani kwangu, nzima. Duara jekundu nimeshajichorea, nikupunguzie kazi.

Afroza

*

Uppsala, 20 Septemba

Afroza mwanangu, mwanangu,

Usiiweke. Nakusihi kwa jina la bibi yako aliyetulea wote. Nimefuta picha zote, nimefunga ukurasa, msaidizi nimemfukuza. Nimepiga simu mara sijui ngapi. Nimempigia Fardin pia, nikamwomba, nikalia, akaniuliza kama kuna mtu ameniteka na kunilazimisha kusema hivi.

Hawatakuelewa. Ile siyo halaiki ya kusoma, ni watu wenye vijiti! Wewe hukuwa mmoja wao. Ulikuwa unatafuta pa kulala tu, na kutafuta pa kulala si kosa la mtu kufa. Kila mwenye akili anajua mabweni yalivyo. Nami najua, nilikuwepo.

Nisamehe au usinisamehe, ila usiiweke. Nijibu neno moja.

Mostafiz

*

Bweni la Korotoa, 21 Septemba

Mjomba,

Ulikuwa unayajua, basi. Hayo maneno uliyoniandikia jana ndiyo niliyokuomba tarehe mbili. Mstari ule ule. Ungeuandika siku ile, leo ningekuwa nagombana na mtu kuhusu chumvi ya dengu.

Picha nimeiweka. Chini yake nimeandika sentensi zako mbili, ya kwanza ile ya Machi, "Aliyeandamana nao ni mmoja wao", na ya pili hii ya jana, "Ulikuwa unatafuta pa kulala tu, na kutafuta pa kulala si kosa la mtu kufa." Kila moja nimeiwekea tarehe na jina lako kamili. Neno la kwangu sikuongeza hata moja, maana huku hawasikii la kwangu.

Wameshafika uani. Mlinzi wa geti amewafungulia, na wasichana wa ghorofa yangu wamejifungia. Mimi niko dirishani, nawaona vichwa. Vijiti wanavyo. Fardin amepanda juu ya ukingo wa kisima na simu yake, anawasomea, na wote wametulia kama darasa.

Amesoma ya kwanza. Wameipiga makofi. Ameanza ya pili, amefika katikati, amesita.

Afroza,
mjane wa Sohag